Chupa ya Pili ya Kamanga

Kila kitu kiliharibika Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, mwaka 2025, saa saba mchana, nyumbani kwa Mzee Apolinary pale Kamanga. Saa naikumbuka kwa sababu redio ilikuwa inaanza taarifa ya habari, na mzee aliizima ili aisome vizuri chupa niliyomletea.

Tulikuwa tumekwenda kujitambulisha. Mwanangu Luhaga, fundi wa majokofu, mtoto pekee niliyeachiwa na marehemu mke wangu Selina, anataka kumwoa Kokuberwa, binti wa mzee huyo. Wao ni Wahaya, sisi Wasukuma wa Igoma. Mzee Apolinary alikuwa mkubwa kwenye ofisi ya maji mpaka alipostaafu, akajenga nyumba ng'ambo ya ziwa, vigae vyekundu, sebule yenye kabati la vioo. Mimi nabanika sangara. Shule niliishia darasa la nne, walimu walipoacha kuja na hakuna mkubwa aliyeuliza wameenda wapi.

Kabla ya siku hiyo mzee alikuwa amemwambia mshenga wetu, jirani yangu Maige: "Mbuzi na mengine tutayazungumza siku ya mahari. Siku ya kubisha hodi nataka Skochi moja tu, niinywe na mzazi mwenzangu." Maige akaja kuniambia. Nikamuuliza Skochi ndiyo nini. Akasema ni wiski ya Skotilandi, kule wanaume wanakovaa sketi. Basi mimi nikaenda kwenye kibanda cha vinywaji pale Igoma, nikaikuta chupa ina picha ya mwanamume amevaa sketi, anapuliza zumari lenye mfuko. Nikasema ndiyo yenyewe. Mtu ambaye hakusoma anasoma picha. Sasa wewe mkubwa unayekaa ofisini unaruhusu picha ya uongo ipite, unategemea mimi nijue vipi?

Tulipoingia sebuleni, kabla hata hatujakaa, Bibi Leonsia, mama yake mzee, alinyanyuka na fimbo yake akafungua madirisha yote mawili. Nilijua sababu. Mtu akibanika samaki tangu ujana, moshi unakaa ndani ya ngozi, hautoki kwa sabuni. Mwenyewe siusikii. Selina ndiye aliyekuwa ananiambia. "Mashimba, leo umezidi, kaoge tena." Tangu afe naoga mara moja tu, naona nimemaliza.

Pale mezani kulikuwa na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Maige alikuwa ameshanieleza: kwa Wahaya mgeni akikubaliwa anapewa zile punje achukue mbili tatu atafune. Na anayeleta kinywaji ndiye anayeanza kukionja, ili wenyeji waone hakina ubaya. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

Mzee akavaa miwani, akaigeuza chupa.

"Mzazi mwenzangu, hii umeinunua wapi?"

"Igoma, mzee."

"Hapa wameandika ni spiriti iliyotiwa ladha ya wiski. Wala haijatoka Skotilandi."

"Lakini mwenye sketi yupo," nikasema.

Kokuberwa aliangalia chini. Luhaga akajikuna shingo. Mzee alicheka kidogo, puani, kicheko cha watu wa ofisini, kile ambacho ukipeleka shida yako dirishani wanakucheka nacho huku wanakuambia urudi kesho. Na mimi kile kicheko nakijua. Nilikisikia hospitali, mashine ilipokuwa imeharibika na wakubwa wako semina, na Selina yuko kwenye benchi. Basi nikashindwa kujizuia.

"Mzee," nikasema, "ninyi wakubwa mlituwekea bomba la maji Igoma. Mkakata utepe, mkapiga picha, mkala wali. Mpaka leo halijatoa tone. Lile nalo lilikuwa la ladha tu?"

Maige akanikanyaga mguu. Alikuwa amechelewa. Mzee alimtazama binti yake, akaonyesha kidole kikapu cha kahawa, na Kokuberwa akakichukua akakirudisha jikoni. Tukaagwa vizuri kabisa, kwa heshima zote, na kwa heshima hiyo hiyo nikajua tumefukuzwa.

Kwenye feri wakati wa kurudi Luhaga alisimama peke yake mbele, penye magari. Nilipomfuata akasema, "Baba, ungesema samahani tu. Neno moja."

"Samahani ya nini? Mimi ndiye niliyetengeneza ile pombe?"

"Siku zote mwenye kosa si wewe," akasema.

Lile neno lilinikaa. Nikaenda nalo kwenye tanuru, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Jumatatu nikaichukua chupa yenye sketi nikaipeleka ofisini kwa kijana mmoja wa serikali ya mtaa. Nikamuuliza nani aliyeruhusu kitu hiki kiuzwe kwa watu. Akaitazama, akasema, "Mzee wangu, kwani umeikuta imeandikwa Skochi?" Nikasema sijui kusoma kizungu. Akasema, "Basi tatizo haliko ofisi hii." Ndivyo walivyo. Tatizo huwa haliko ofisi yoyote, liko kwako unayelibeba.

Siku ya Jumatano Kokuberwa alimpigia simu Luhaga, naye akaja kunipa habari nikiwa nageuza samaki. Bibi Leonsia amezungumza na mwanawe. Turudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tuje na Skochi ya kweli. Kuna familia ya Muleba nayo imeshabisha hodi, watu wa kahawa, watoto wao wamesoma. Kama chupa ya pili nayo itakuwa ya uongo, au mdomo wa baba yake Luhaga utarudia yale, mzee atawakubalia wale wa Muleba.

"Kwa hiyo ni chupa na mdomo wangu," nikasema.

"Ni hivyo, baba."

"Chupa inanunuliwa."

Luhaga akacheka, mara ya kwanza tangu Kamanga. "Hata mimi nimewaza hivyo. Chupa inanunuliwa."

Maige ndiye aliyenipeleka Mabatini, kwenye duka la vinywaji la jumla la mama mmoja anaitwa Gladness. Huyu mama alifanya kazi ya baa kwenye hoteli za watalii miaka mingi, kisha akafungua duka lake. Mwanamke mnene, anaongea huku anahesabu makreti, wala hakosei hesabu. Tulipoingia akanusa, akasema, "Nani ameleta sangara?"

"Ni huyu," Maige akasema. "Samaki kamwacha nyumbani, amekuja na harufu yake."

"Karibu, baba. Hapa harufu haina kodi."

Nikamweleza shida yangu yote, na ile chupa nikamwekea kaunta. Aliitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani aliyefukuzwa shule.

"Hii siwezi kusema ni mbaya," akasema. "Ni spiriti. Mtu anainywa, anaimba, analala. Lakini kwenda kuchumbia nayo Uhayani, baba, hapana. Wewe kizungu unasoma?"

"Sisomi."

"Herufi unazijua?"

"Herufi nazijua."

"Basi inatosha. Njoo huku."

Akanipeleka kwenye rafu. Kwanza akanionyesha neno lenyewe. Linaanza na S. Nikasema hiyo ni ndoano. Akacheka, akasema sawa, ndoano. "Neno likianza na ndoano hii, likafuatiwa na C, halafu O, likamalizika na H, hiyo ni Skochi. Sheria ya kwao hairuhusu kuliandika neno hilo kama pombe haikupikwa Skotilandi, na ikalala kwenye mapipa ya mbao kule kule miaka isiyopungua mitatu. Chupa yako haina hilo neno. Ina sketi tu. Sketi haina sheria."

"Kumbe wao wakubwa wao wanaweka sheria na inafuatwa," nikasema.

"Baba, hapa tumekuja kununua pombe," akasema Gladness. "Siasa utanunua kwa mwingine."

Maige alipiga paja kwa kucheka.

Nikamuuliza mbona ziko nyingi hivi, na nyingine bei yake ni ya kununulia ndama. Akasema kwa hapo kuna mambo matatu nikiyashika nimemaliza. Akaniuliza kama najua kimea. Nikamwambia mimi ni Msukuma, mama yangu alikuwa anaotesha mtama, anaukausha, anausaga, anapika pombe. Kimea nimekulia juu yake.

"Vizuri. Hawa wazungu nao kimea chao ni cha shayiri. Wakipika kwa kimea cha shayiri peke yake, kwenye kiwanda kimoja, bila kuchanganya na cha jirani, hiyo ndiyo wanaiita singo molti. Ni kama pombe ya mama yako, inajulikana ni ya nyumba ile. Ndizo hizi za juu, bei yake kali."

"Na hizi za chini?"

"Kuna wanaopika kwa ngano au mahindi. Hiyo ni nyepesi, inatoka nyingi kwa wakati mmoja. Sasa mtu anachukua molti za viwanda vingi, anachanganya na hiyo nyepesi ya ngano, anaonja, anapunguza, anaongeza, mpaka mwaka huu na mwaka ujao ladha inakuwa ile ile. Hiyo ni blendedi. Dunia nzima ikisema Skochi, kwa sehemu kubwa inakunywa blendedi. Wasikutishe watu wa makabati ya vioo."

Nikapenda hapo. Nikamuuliza tena namba zilizoandikwa, kumi na mbili, kumi na nane.

"Miaka kwenye pipa. Hiyo namba ni ya pombe changa kuliko zote zilizomo ndani. Ikiandikwa kumi na mbili, hakuna hata tone lililolala chini ya hapo. Isiyo na namba haijavunja sheria, ile mitatu imeshapita, ila hawakutaka kukutajia umri."

"Kama wanawake."

"Kama wanaume wanaooa mara ya pili," akasema Gladness, akanitazama, nami nikaangalia rafu.

Kulikuwa na chupa moja ya singo molti, ndani ya sanduku zuri kama la saa. Nikaishika. Nilikuwa nimepanga kuuza tanuru moja kati ya matanuru yangu mawili, mradi nisichekwe tena. Nikamwambia. Gladness akaninyang'anya sanduku.

"Baba, ukiuza tanuru utakula nini? Sanduku unalilipia wewe, mkweo hatalinywa. Hii nayo imetoka visiwani kwao, kimea wamekikausha kwa moshi wa udongo wa kinamasi. Wanachimba, wanaanika, wanachoma. Inanuka moshi mpaka machozi."

"Moshi?" nikasema. "Moshi ninao nyumbani bure."

"Ndiyo maana nakuambia iache."

Akateremsha chupa nyingine, fupi, yenye karatasi ya kijani, haina sanduku wala namba. Akaniambia nitafute ndoano. Nikaitafuta kwa kidole, nikaiona. Akaniambia nitafute neno refu linaloanza na B. Nikaliona, blendedi. Akanionyesha arobaini, nguvu ya pombe, isipungue hapo. Akanionyesha stempu ya kodi kwenye kifuniko, haijachanika, na kifuniko hakijawahi kuzungushwa.

"Rangi isikudanganye," akasema. "Rangi wanaruhusiwa kuongeza kidogo. Angalia maneno. Hii ni ya kawaida, ya kweli, bei yake utaiweza. Ni mchanganyiko, ina kila kitu kidogo kidogo."

"Naweza kuionja kwanza?"

"Ukiionja umevunja lakiri, na chupa iliyofunguliwa haipelekwi ukweni. Hapo itabidi uniamini."

Hilo ndilo lililonisumbua. Mimi watu nimeamini mara nyingi, na kila niliyemwamini alikuwa na kiti na meza. Lakini huyu alikuwa amesimama tangu asubuhi, miguu imevimba. Nikalipa.

Jumamosi ile niliamka mapema, nikaoga, kisha nikaoga tena. Nikachagua sangara wawili niliowabanika kwa kuni za mpera, polepole, wakawa na rangi ya asali, zawadi kwa Bibi Leonsia. Nikawapanga kwenye tenga kwa majani ya mgomba. Chupa nikaifunga kwenye kanga ya Selina, ile ya bluu, nikaisukumiza katikati ya samaki wale ili isigongwe. Nilijisifu hata. Maige alishika tenga njia nzima kwenye feri, anawaambia watu wasisukume, humu kuna harusi.

Bibi Leonsia alitupokea mlangoni. Nikamwinamia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mashimba." Akaingia kabla yetu, akafungua madirisha, moja, jingine. Kisha akakaa.

Mzee Apolinary alikuwa kwenye kiti chake kile kile. Redio haikuwashwa. Kikapu cha kahawa hakikuwepo mezani. Luhaga alikaa pembeni yangu. Kokuberwa alileta glasi, zikagongana.

Maige akasema maneno ya mshenga, tumerudi, mlango tuliuacha wazi, na kadhalika. Nikaifungua kanga nikaitoa chupa kwa mikono miwili. Mzee akavaa miwani. Alisoma mbele, akasoma nyuma, akasoma hata yale maandishi madogo kama wadudu. Nikamwona midomo inatembea. Nilitamani kumwambia, ndoano ipo, mzee, itafute upande wa juu. Nikanyamaza. Mdomo ulikuwa nusu ya biashara.

"Skochi," akasema mwishowe. "Ni Skochi."

Luhaga akashusha pumzi, na mimi nikashusha. Nusu imepita. Mzee akazungusha kifuniko, lakiri ikalia tak, akamimina kidogo kwenye glasi, akanisogezea. "Onja, mzazi mwenzangu."

Nikanywa. Kwanza moto, kama kawaida ya kali. Halafu utamu fulani, kama asali iliyokaa. Halafu mwisho kabisa, nilipokwisha kumeza, kikaja kitu nyuma ya ulimi ambacho sikukitegemea. Moshi. Siyo mkali. Moshi wa asubuhi, tanuru limepoa, unafunua mfuniko.

Mimi moshi huwa siusikii. Mpaka niusikie, basi umezidi. Nikatazama lile tenga pale mlangoni, samaki wangu wawili, majani ya mgomba, kanga. Dagaa wakipakiwa na sukari kwenye boti, chai ya nyumba nzima itanuka dagaa, kila mtu wa ziwani anajua. Na mimi, mtu wa samaki, nikachukua chupa ya ukweni nikaisafirisha kifuani mwa sangara wa moshi. Safari hii hapakuwa na mkubwa wa kumtwisha. Hapakuwa na kibanda, wala ofisi, wala semina.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nikaona uso wa Luhaga. Nikaweka glasi mezani.

"Mzee, samahani," nikasema. "Chupa ilikuwa nzuri. Nimeiharibu mimi mwenyewe. Nimeiweka tenga moja na samaki, imeshika moshi. Yule mama aliyeniuzia hana kosa. Wala watoto hawana kosa. Naomba usiwahukumu kwa harufu yangu."

Mzee aliichukua glasi yangu, akaipeleka puani, akaishusha, akaipeleka tena. Akanywa. Akafumba macho. Halafu, bila kunitazama, akampa mama yake.

Bibi Leonsia alinusa muda mrefu kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango. Akalamba kidogo tu. Akasema neno la Kihaya, na mzee akaitikia kwa Kihaya, na Kokuberwa akaweka mkono mdomoni.

"Wanasema nini?" Maige akanong'ona.

"Bibi anasema ndizi," Kokuberwa akajibu.

Bibi mwenyewe akanigeukia. "Sisi kwetu, ndizi za kukamulia rubisi, pombe yetu, tunaziivisha juu ya jiko, kwenye dari, moshi unazipitia siku zote hizo. Rubisi yake inakuwa na kitu hiki mwishoni. Ya siku hizi wanaivisha kwenye mifuko ya nailoni, haina kitu. Tangu tulipohamia huku sijaisikia. Nilidhani nimezeeka ulimi."

"Lakini mama, ni samaki wangu," nikasema.

Hapo mzee akacheka. Siyo kile kicheko cha puani. Hiki kilitoka tumboni, mpaka akavua miwani.

"Mzazi mwenzangu, chupa ilikuwa imefungwa kwa lakiri. Umeisikia mwenyewe ikilia. Moshi wa sangara utaingilia wapi, kwenye kioo?"

Nikaitazama chupa. Kweli, kioo. Kioo mimi sijawahi kukibanika.

"Huu moshi wameutia wao huko huko," akasema mzee. "Kidogo sana. Wanachanganya na ile ya visiwani, tone tu, iwe na mwisho."

Ndipo nikamkumbuka Gladness. Ina kila kitu kidogo kidogo. Alikuwa ameshaniambia, na mimi nilisikia bei tu. Maige alianza kucheka, akashindwa kuacha, akatoka nje akachekea kwenye migomba. Luhaga alinishika bega. Mkono wake ulikuwa mzito, kama wa mtu mzima, na nikahisi kitu kinafunguka kifuani, kitu nilichokuwa nimekikaza tangu benchi lile la hospitali, wala sikujua kama kinaweza kulegea.

Mzee akamimina glasi mbili, yangu na yake, tukanywa. Ya pili moshi wake ulinipendeza. Akainama karibu yangu.

"Lile bomba la Igoma," akasema. "Bomba lilifika. Pampu haikununuliwa. Niliandika barua juu, nikaandika tena. Hawakunijibu mpaka nikastaafu."

"Akina nani hawakukujibu?"

"Wakubwa."

"Kumbe na wewe una wakubwa."

"Tena wengi," akasema, na alivyolisema lile neno ni kama nilivyokuwa nalisema mimi. Tukawasema kwa nafasi mpaka chupa ikashuka chini ya karatasi ya kijani. Sijawahi kuwasema kwa raha namna ile.

Kokuberwa akatoka jikoni na kikapu. Alipiga magoti mbele yangu kwanza, kabla ya Maige, kabla ya Luhaga. Nikachukua punje tatu za kahawa, nikatafuna. Chungu, kavu, tamu mwishoni. Mzee akamwambia mshenga wetu waongee habari za mbuzi na tarehe, na Luhaga akatoka nje kwenda kuwatazama kuku, ambao hawakuwa na tatizo lolote, na baada ya kidogo Kokuberwa naye akaenda kuwatazama.

Upepo wa ziwa ulianza kuingia sebuleni. Bibi Leonsia akanyanyuka na fimbo yake, akalifunga dirisha la kwanza.

"Mama, joto," mzee akasema.

"Harufu itatoka," akasema bibi. Akalifunga na la pili.

Kisha akaja akakaa karibu yangu, kwenye kochi langu, bega kwa bega. Akanusa mkono wa shati langu waziwazi, kama mtu anayenunua samaki. Sikuona aibu. Akaniuliza swali, kwa sauti ya chini, na mzee akasikia, na Maige akasikia. Mzee akajishughulisha na kifuniko cha chupa. Maige akatazama darini. Mimi nilifungua mdomo nikakuta umejaa kahawa. Harusi imepangwa Septemba, jibu bado sijampelekea, na Luhaga, niliyemsimulia tukiwa kwenye feri, alitazama maji tu.

"Mashimba, mwanangu," aliniuliza, "tangu mama Luhaga aondoke, nani anakuambia kwamba unanuka moshi?"